Upande wa Kipushi

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa uongo
isipokuwa penye uyoga.
Ukimkuta soko la Kenya, beseni mbele ya magoti,
chitondo cha manjano kimelala juu ya majani mabichi,
ukamwuliza, "Mama Chabu, bowa hizi umezitoa pori gani?"
atakaza kitenge chake, akujibu kwa upole:
"Kule, upande wa Kipushi."
Na ndala zake zina tope la barabara ya Likasi.
Padri naye alimwuliza. Naye akaambiwa Kipushi.

Nilipoolewa alinipima miaka mitatu
kwa kuosha, kuchambua, kuanika juu ya bati.
Mwaka wa nne, mvua za Januari, saa kumi alfajiri,
aligonga dirisha langu kwa ukucha mmoja.
Tulipanda lori la unga,
tukashuka mahali pasipo duka wala jina,
akangoja taa za nyuma zizame kabisa
ndipo akavuka barabara
na kuingia porini kwa upande mwingine.

"Utafute mutondo kwanza," alisema.
"Chitondo hana mguu wa kwenda mbali na mama yake."
Usiing'oe. Kata, shina libaki na udongo wake.
Tente usimwokote mpaka umgeuze, umtazame shingo:
ana binamu mweupe, mzuri kuliko yeye,
na huyo binamu alimchukua Kisimba na wanawe wawili.
Alhamisi walikula. Jumapili tulizika.

"Na hapa?" Nilimwonyesha uwazi usio na mti hata mmoja,
vijiua vya zambarau vimeutandika kama mkeka.
Alinivuta mkono.
"Hapo ardhi imeshiba shaba.
Ua hili linaipenda. Sisi tuna matumbo."

Mwaka uleule alikuja kijana mwenye gari jipya, buti safi,
picha ya ua hilohilo ndani ya simu yake.
"Mama, umewahi kuliona? Nitakulipa."
Aliitazama sana, akaikuza kwa vidole viwili
kama mtu anayetafuta sura ya ndugu yake.
"Nafikiri," akasema, "upande wa Kipushi."

Sasa magoti yamemgomea.
Jumanne alinituma peke yangu, akinong'ona
ingawa nyumbani tulikuwa sisi wawili tu:
mutondo saba, kichuguu, jiwe lenye umbo la kiti.

Jiwe nililiona.
Visiki nilivihesabu mara mbili, sita,
na tanuri la makala chini ya udongo, bado linapumua,
moshi mwembamba ubavuni, kama mgonjwa.
Chini ya ule wa saba
niliokota kiasi cha viganja viwili.

Nilizipika kwa nyanya na karanga za kutwanga.
"Zimejaa, mama. Beseni ndilo lilikuwa dogo.
Nyingine nimeziacha zikue."
Alitafuna polepole. Kisha akaacha kutafuna,
akageuzia sikio kwenye mbabula.
Makala ya mti mgumu hulia yakishika moto,
mlio mwembamba, wa glasi.
"Haya makala ni ya nani?"
"Ya yule wa baiskeli. Alipita jana."
"Alisema ameyatoa wapi?"

Nilikoroga bukari iliyokwisha kuiva.
"Kipushi," nikamjibu.

Alicheka kidogo, au kilikuwa kikohozi,
siku hizi sivitofautishi.
Akanyoosha sahani.
"Ongeza chumvi."