Chupa ya Kumi na Moja

Jumatatu nilihesabu kumi.
Nikahesabu tena kuanzia upande wa dirisha,
nikaazima macho ya Kihwele wa mwaka wa tatu:
kumi.
Daftari linasema kumi na moja, kwa mwandiko wangu mwenyewe,
chupa za kahawia, lita mbili na nusu, tupu,
zilizokaa na dikromati mpaka mwisho wa muhula.

Tupu ni neno la daftari.
Chini ya kila chupa hubaki tone la rangi ya chungwa;
ukiiinamisha linatembea taratibu,
zuri, kama sharubati ya mtoto mgonjwa.

Nikateremka Kihesa kwa miguu,
baridi ya Juni ikipenya vifungo vya koti.
Mlango niliujua. Miaka tisa Mama Nyagawa
amepiga deki chini ya meza zangu
na hakuna siku niliyomwambia tunapika nini.

Chupa ilikuwa dirishani, inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani.
"Nimeisugua kwa majivu mara tatu," alisema,
"ikalala juani siku mbili. Kesho napokea ulanzi."
Na maji ya kuoshea?
Akanyoosha kidole: majani ya maboga,
mapana, yakipanda uzio wa matete
kana kwamba hayakuambiwa kitu.

Nilianza kusema. Nilisema ini, nilisema figo,
nilisema saratani, na kila neno lilitoka na vumbi la chaki.
Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza:
"Mliandika wapi?"
Nikamwonyesha alama ya gundi, pale lebo ilipokuwa.
"Ile ya fuvu? Ya Kizungu sikuyasoma,
lakini fuvu nimelisoma.
Hapa Iringa, baba, fuvu si hatari.
Fuvu ni mtu wetu aliyebebwa na wageni
akarudishwa nyumbani.
Nikasema, basi, wenye chuo wameandika: kirudi nyumbani."
Hakucheka. Mpaka leo sijui kama alinitania.

Ningeweza kumlaumu.
Lakini stoo yangu ina madumu thelathini na mawili
yanayongoja gari la tanuri tangu enzi za mkuu wa idara aliyestaafu,
na mlango wake tunaufunga kwa msumari,
na kabla ya madumu kulikuwa na sinki,
na bomba la sinki lile nililifungua mimi,
kijana mwenye haraka ya kwenda kula,
na Mto Ruaha Mdogo haukuandika popote.

Tuling'oa maboga pamoja,
yeye amevaa glavu zangu, mimi mifuko ya nailoni.
Udongo tukauchota kina cha kiganja.
Mwanawe akauliza watakula nini.
Nikatoa elfu kumi; mama akaitazama,
akaipokea bila asante.

Usiku, maabara. Kwa kalamu ya wino mzito
nimeandika kwenye kila chupa, herufi kubwa:
SUMU. HATA IKIWA TUPU.
HATA UKIOSHA.
Mstari wa mwisho ni wake, alinipa mlangoni.

Kisha daftari. Chupa ya kumi na moja: imerudi.
Mstari unaofuata nimekaa nao sana.
Majani ya maboga, mfuko mmoja na nusu.
Udongo, ndoo mbili.
Kwenye safu ya chanzo nimeandika: sisi.
Safu ya yanakopelekwa
bado nyeupe.