Kufumua Taji

Septemba, La Spezia. Karakana ya bendera.
Ofisa mgeni haketi. "Mfalme kwisha. Taji litoke,
na ngao yake. Rangi tatu ziachwe."
Halafu anauliza kama kuna kahawa.
Hakuna.

Ersilia anashika mkasi mdogo, wa vifungo.
Uzi huu aliutia mwenyewe, miaka kumi na miwili nyuma,
akilamba ncha, akihesabu mishono ya msalaba,
Nevio, mtoto, amelala juu ya marobota.

Taji linabanduka kama kigaga cha kidonda:
upande huu rahisi, upande ule linauma.
Chini yake kitambaa cheupe kuliko cheupe;
jua la bahari halikupafikia.
Na matundu ya sindano yamebaki.
Inua bendera dirishani: mwanga unalivaa taji.

"Pasi itaficha," asema ofisa.
Pasi haifichi.

Nevio yuko Malta, kwenye manowari zilizotoroka,
chini ya taji lile lile,
kazi ya mkono huu huu.

Jioni anahesabu: mataji thelathini na moja.
Thelathini, kapuni, na matambara.
Moja limo ndani ya soksi yake.
Linawasha.