Bitana

Tumezihesabu mara nyingi: hatua themanini na tatu
kutoka mlango wa bweni hadi choo cha mbao,
tisini ukiwa umejibana.
Baridi ya Januari huku kwetu, magharibi ya Mongolia,
haipigi hodi. Hukung'ata nyusi,
na mate unayotema hufika chini yakiwa changarawe.

Niliingia mwezini siku kumi kabla ya Mwezi Mweupe,
ndivyo tunavyouita mwaka wetu mpya,
na wa kumwambia alikuwa kilomita tisini mbali,
akilala zizini na mbuzi wenye mimba.

Bwenini tulikuwa ishirini na wawili, jiko moja.
Hakuna aliyelitamka neno lenyewe.
Tulisema "nimekanyaga barafu".
Solongo wa kitanda cha juu alisema
"nimepata alama mbaya", akajikunja,
na sote tukajua, tukamsogezea maji ya moto.
Dukani kwa Dulmaa pedi zilikaa rafu ya juu,
kati ya betri na vodka.
Kuzipata, lazima uzitaje kwa sauti
mbele ya madereva wa malori ya makaa.

Sikuzitaja.

Nilichukua mkasi wa darasa la ushonaji
nikafumua deel yangu, joho alilonishonea mama,
ubavu wa kushoto, chini ya kwapa,
nikachomoa sufu ya ngamia iliyolala ndani ya bitana.
Kiganja kimoja. Kesho yake kiganja kingine.
Sufu hainywi damu, kwa taarifa yako.
Huisukuma pembeni kama mtoto anayekataa uji,
na inawasha.

Basi nikaacha chai. Ukiacha chai tangu adhuhuri
usiku huna haja na hatua themanini na tatu.
Mengine nayo tulijifunza bila mwalimu:
suruali mbili, nyeusi juu;
dawati la ukutani;
kengele ikilia, funga kamba za viatu
mpaka darasa libaki tupu.

Mwalimu Ganzorig alichora pembetatu.
Upande mmoja tano, wa pili kumi na mbili.
Uyanga, njoo ubaoni.
Jibu nililiona limesimama pale
kama farasi mwenye tandiko, linanisubiri.
Nikasema, sijui.
Hata kukisia?
Sijui, mwalimu.
Kiti kilichokuwa chini yangu kilijua zaidi.
Akaandika sifuri. Si mtu mbaya, Ganzorig,
ana mabinti wawili. Hakuuliza lolote.

Siku ya sikukuu mama alinikumbatia,
mkono wake ukapita ubavu wa kushoto
ukakuta kitambaa kitupu.
Alisimama hivyo kitambo, birika likafurika.
Kisha akarudi kupanga mikate ya wageni.
Usiku, macho makavu, nilisikia mkasi.

Niliporudi shule deel ilikuwa nzito.
Ndani ya bitana, mshono mgeni wa uzi wa buluu,
mfuko usio na kifungo, na humo
vitambaa tisa vya flaneli yenye picha za bata:
nepi zangu mwenyewe,
nilizozijua kwa picha ya ukutani tu.
Na noti ya elfu tano, na kikaratasi:
*Dulmaa nilisoma naye. Mwambie "zile". Ataelewa.*

Nilisimama dukani nyuma ya makoti matatu ya ngozi.
Zamu yangu ilipofika nilizitaja kwa jina lake lote.
Dereva mmoja akakohoa. Mwingine
akasoma maandishi ya kopo la samaki, akayasoma tena.
Dulmaa akapanda kigoda.

Vitambaa vitatu nilimpa Solongo.
Kuvikausha bado ni vita: nyuma ya jiko, chini ya taulo,
na vikisahaulika dirishani huganda kama vibao.
Hatua nazo hazijapungua hata moja.

Ila Jumatatu niliomba chaki bila kuitwa.
Kumi na tatu, mwalimu.
Nilikuwa nalo tangu siku ile.