Nani Anakufukuza?

Mama, mzaliwa wa Wete aliyezeekea Al-Khoud,
aliniona nafunga viatu saa nne ya usiku
akauliza swali lake la kila mwaka:
"Mtu mzima na akili zako, nani anakufukuza?"
Kisha akanitilia mkobani chumvi kwenye kikaratasi
na vitumbua vitatu, ambavyo si chakula cha mbio.

Mbio zenyewe hazina jina.
Hazina namba kifuani, hazina medali wala mdhamini.
Ghalib alichora njia kwa kalamu nyekundu
nyuma ya bili ya umeme:
kutoka Misfa, juu hadi ukingo wa jabali,
chini Balad Sayt, kisha kuzunguka na kurudi.
Kilomita hamsini na sita, alisema.
Ghalib ni mhasibu. Tulimwamini.

Tulikuwa wanne na taa zetu za kichwani.
Shemsa, anayekimbia kama anakwenda kudai deni.
Mundhir na goti lake la kitambaa.
Ghalib na bili. Mimi nyuma,
nasikia mawe yakisagika,
na kando yetu maji ya falaji,
yanashuka, sisi tunapanda,
kama majirani waliogombana wakipishana mlangoni.

Saa nane, kwenye mwinuko mkali,
Kiarabu changu kiliniishia.
Kwa Kiarabu najua kuuza dawa, kujaza fomu,
kubishana na fundi wa kiyoyozi.
Lakini kuhesabu hatua, kutukana jiwe,
kumwomba Mungu mguu mmoja tu zaidi,
hayo yalitoka kwa lugha ya jikoni kwetu:
moja, mbili, tatu, ewe mguu, usinifedheheshe, nne.

Kulipopambazuka tulikuwa ukingoni.
Bonde lilikuwa bado limejifunika usiku wake
kama kijana anayekataa kuamshwa shule.
Hakuna aliyesema neno.
Shemsa alifuta pua kwa mkono wa fulana.

Huko tulimkuta mwanamke na mbuzi wake,
miwani ya jua, simu yenye kioo kilichopasuka.
"Mmepotelewa na mnyama?"
"Hapana. Tunakimbia tu."
Alitazama viatu vyetu, akatutazama usoni,
akaona bora atumiminie kahawa.
Tukiwa tunakunywa, mbuzi mmoja, mweusi,
alikula bili ya umeme.
Aliila kwa utulivu,
Balad Sayt kwanza, halafu njia ya kurudi.
Ghalib alipiga kelele. Mundhir alicheka hadi akakaa chini.
Mwanamke akatuonyesha kwa kidevu:
fuateni mavi ya mbuzi, hayajawahi kupoteza mtu.

Basi tukayafuata, mlima hadi mlima,
na hesabu ya mhasibu ikabaki tumboni mwa mbuzi.
Jua lilipopanda, miamba ilianza kutupumulia.
Midomo ikawa chumvi, maji yakawa ya kupimiana kwa kifuniko.
Goti la Mundhir likagoma.
Shemsa, tuliyekwisha kumpoteza mbele,
alirudi. Hakuuliza kitu.
Alimvua mkoba, akauvaa juu ya wake,
tangu hapo tukatembea, kwa mwendo wa goti.

Chini ya mgunga mmoja tukala vitumbua.
Vitumbua vitatu, watu wanne.
Ghalib alivitazama muda mrefu.
Mundhir akasema yeye ana shibe,
na tumbo lake, palepale, likamkanusha.

Misfa tuliingia baada ya alasiri.
Mstari wa mwisho ulichorwa asubuhi kwa kandambili;
watoto walikuwa wamekwisha kuufuta kwa mpira.
Tukaukanyaga au hatukuukanyaga, sijui,
wala sijui nani alikuwa wa kwanza.
Saa ya Shemsa ilisema sitini na tatu.
Tulikaa ukingoni mwa falaji, miguu majini,
na samaki wadogo wakaja kuonja malengelenge yetu.

Simu ikalia.
"Vipi," akasema Mama, "wamekukamata?"
Niliwatazama: mmoja amelala mdomo wazi,
mmoja anapiga hesabu upya kwa kijiti,
mmoja anamfunga mwenzake aliyelala kitambaa kibichi gotini.
"Wamenikamata, Mama. Wako watatu."

Kimya kidogo.
Halafu akauliza habari za vitumbua.