Asilimia Mbili

Kwamboka anapima masizi kwa kijiko kidogo kama ukucha.
Pumzi ameigeuzia ukutani,
maana mirija hii ya kaboni
(unywele ungepasuliwa mara elfu ndipo ulingane nayo)
hupeperushwa hata na kicheko.

Juzi tulitia asilimia tano: ikashikana mabonge
kama ugali uliosongwa na mtu mwenye hasira.
Jana nusu: elektroni zikakosa njia,
zikazubaa kwenye platini
kama wageni waliopiga hodi nyumba isiyo na mtu.
Leo, mbili.

Chiromo, saa nane mchana. Bomba kavu tangu Jumanne.
Mutinda ameosha bika kwa maji ya chupa, ya kununua,
na kila tone amelitaja bei.

Tunapaka wino mweusi juu ya utando. Tunabana.
Tunafungulia haidrojeni.
Mshale wa mita unatikisika, unapanda,
unasita,
nami natafuta pa kuweka mikono,
kisha unapanda tena, unakaa.

Hakuna anayeshangilia. Feni ya ukubwa wa sarafu inazunguka tu.

Mamangu aliwahi kunichapa
kwa masizi ya sufuria niliyopaka kwenye sare.
Sijui leo ningemwelezaje.

Kwamboka ameinama chini ya seli, penye mrija wa taka.
Tone limejitunga, likaning'inia,
likamwangukia kidoleni.
Analionja.
"Halina ladha," asema.

Mutinda, kimya,
anasogeza bika.