Kuchemka kwa Nyuzi Tano

Saskatoon, Januari. Nje ni nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri,
kope hugandana ukifumba macho kidogo,
mto unafuka moshi pale pachache uliposhindwa kuganda.
Nami nimo chini ya jengo la uhandisi, chumba kisicho na dirisha,
natazama kitu kinachemka
kwa nyuzi tano.

Mama, simuni, alicheka hadi akakohoa:
"Kinachemka na hakiunguzi? Wanakulipa kwa uchawi."
Mama, kuchemka si moto.
Kuchemka ni kuondoka.
Kimiminika kikitulizwa kwa shinikizo, hukaa;
ukilipunguza, kinaondoka hata kwa joto la kuazima,
joto la maziwa, la nyanya, la kiporo cha jana.

Bomba langu ni la shaba, kipenyo milimita nne,
limelala chali, limevishwa sponji nyeusi,
waya ishirini na nne zimelidunga kulisikiliza.
Mwishoni kuna kioo, upana wa kidole gumba.
Kwa kioo hicho nimeajiriwa.

Viputo huzaliwa penye makovu.
Ukuta uliosuguliwa ukang'aa hauzai kitu;
palipokwaruzwa, penye kishimo kisichoonekana,
hapo kimoja hujikusanya, kikang'oka, mwenziwe akashika nafasi.
Kisha mvuke hutwaa njia ya kati kwa kishindo,
na kimiminika, kimesukumwa kando, hutambaa ukutani,
utando mwembamba, duara zima,
ndio ubebao joto lote.
Wasyl Hrynchuk, fundi wa maabara, huuita shati la ndani.
"Lichunge shati la ndani," huniambia,
akiongeza umeme kwa ncha ya kidole.

Baba alikuwa fundi friji, Morogoro, kibanda nyuma ya stendi.
Akikata bomba, gesi ilitoka *fyuuu*,
sisi watoto tukigombania kutia mikono kwenye ubaridi ule.
Ilikwenda wapi? Juu. Juu ni juu.
Hakuna aliyekuja kibandani kumwambia kwamba juu pana dari.

Hii ya sasa ikiponyoka haimalizi mwezi angani.
Ila hushika moto, kidogo,
ndiyo maana king'ora kimefungwa karibu na sakafu;
juzi kililia kwa sababu mtu alijipaka spiriti mikononi
tukasimama kwenye theluji bila makoti, watu kumi na mmoja,
tukimtazama.

Jumamosi usiku, mvuke ulipofika asilimia themanini na mbili,
shati lilichanika.
Upande wa juu ulikauka kwanza.
Waya ya kumi na tisa ikaruka kutoka tisa hadi thelathini na moja,
na joto likabaki ukutani limeshika mizigo yake,
halina wa kuivusha.
Mlinganyo wetu, uliopimwa kwa gesi ya zamani,
uliahidi tisini.
Wasyl akavua miwani. "Andika. Hapo hapo."
Nikaandika, mkono ukitetemeka kwa furaha ya ajabu:
furaha ya kukuta kitabu kimekosea.

Jumapili nikampigia baba. Nikamweleza yote,
kipenyo, shati, themanini na mbili.
Akanyamaza muda wa vocha nzima.
Kisha: "Na mafuta?"
Mafuta gani, baba?
"Ya kompresa. Kompresa hutema mafuta, mafuta huingia bombani.
Kila bomba nililolikata lilinilowesha vidole.
Lenu halina?"

Letu halina. Letu lina pampu safi ya maabara
na gesi safi kuliko friji yoyote duniani.
Nilitazama vidole vyangu.

Jumatatu, Wasyl alisikiliza akiwa ameshika kikombe,
akakiweka chini, akakizungusha,
akauliza baba yangu anafundisha chuo gani.