Risasi Isiyo na Mlio

Kifaa changu kinaenea kiganjani,
kipande cha kioo kisichozidi kadi ya benki,
ndani yake vijito vilivyochongwa
vyembamba kushinda unywele wa mtoto mchanga.
Sikibebei betri. Hakina pampu.
Tone likigusa mdomo wake linajivuta lenyewe,
linakata kona, linagawanyika,
kama mtu anayeijua njia ya kwao.

Bi Plácida Choquevillca ananiletea maji
katika kikombe cha bati kilichobonyea.
"Onja kwanza," anasema. "Mashine baadaye."
Nami, Mungu anisamehe, naonja.
Matamu. Yana ubaridi wa mawe.

Nyuma yetu Pilcomayo unateremka
na rangi ya migodi ya huko juu,
maji ya kutu ambayo hata mbuzi wanayakwepa.
Lakini kisima si mto, ananieleza;
babake alikichimba hatua mia mbili kutoka ukingoni
ili visijuane.

Dakika nne.
Anamenya viazi bila kuniangalia.
Katika kijito cha tatu wekundu unaiva,
kidogo tu, kama shavu la aliyefumaniwa.

"Risasi," nasema.
Anageuka ghafla kuutazama mlima
kana kwamba kuna mtu amefyatua bunduki.
Hapana, mama. Hii ni ya ndani ya maji.
Haina mlio, haina harufu,
na shabaha yake ya kwanza ni watoto.

"Rudia."
Narudia. Kioo kipya, tone jipya,
wekundu ule ule, pale pale.
"Na kisima cha Eulogia?"
Nilikipima asubuhi.
Kijito cha tatu kilibaki cheupe pe.

Hapo ananyamaza kimya cha aina nyingine.
Miaka kumi na moja hawasalimiani:
ugomvi wa mfereji, wengine wanasema wa beberu,
na kifaa changu, kinachonusa sumu
hata ikiwa chembe ndani ya pipa,
hakina kijito cha kupimia jambo hilo.

Anafuta kisu kwenye sketi.
Anamwaga kikombe chini, polepole,
kama anayemwagia kaburi.
Kisha anachukua ndoo mbili,
anairudisha moja,
na kuifuata njia iliyoota nyasi.

Nabaki nikifunga vioo vyangu kwenye kitambaa.
Nasikia mbwa wa Eulogia akibweka,
akibweka sana,
halafu akiacha.